Pindo la Majani ya Chai

Asubuhi ile Döndü aliamka kabla yangu, kama siku zote. Niliposhuka jikoni birika lilikuwa linatokota, buli limekaa juu yake, na mezani kuna mkate, jibini, zeituni na nyanya iliyokatwa. Redio ilikuwa ikitangaza hali ya hewa kwa Kijerumani, naye akiijibu kwa Kituruki.

"Mvua, mvua. Kila siku mvua. Huna neno jingine?"

Nilikunywa chai yangu. Nilipotosheka nikalaza kijiko juu ya bilauri, maana yake basi. Akakiondoa kile kijiko, akamimina tena, akasema neno, nikanywa. Kisha akachota majani yaliyobaki kwenye buli, akayatandaza juu ya gazeti pale dirishani yakauke. Alifanya hivyo kila siku ya Mungu. Nyumba yetu ilinuka chai iliyolowa mpaka kwenye mapazia.

Nikatoka kwenda kununua viazi. Niliporudi nilimkuta amekaa sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye kabati, kiganja kimefumbata majani ya chai. Nilidhani anapumzika.

Hayo yalikuwa mwezi wa nne. Waliokuja kutoa pole waliliona gazeti dirishani, wengine wakaniuliza majani yale ni ya nini. Sikuwa na nguvu ya kueleza. Naeleza sasa.

Tulikuja mji huu kwa ajili ya kiwanda cha nyuzi. Nilitangulia mimi, yeye akanifuata na sanduku moja na mazulia mawili. Jina Döndü kwetu hupewa mtoto wa kike wazazi wanapochoka kuzaa wasichana, maana yake "amegeuka", ili bahati nayo igeuke. Tena maana yake "amerudi". Wenzetu kiwandani walimtania sana.

"Wewe Döndü, unarudi lini kwenu?"

"Nikimaliza kufua."

Tulipata nyumba nyembamba katika Mtaa wa Kanisa. Mkono wa kushoto kuna duka la mikate, wakati ule la baba yake Ottmar, sasa la Ottmar mwenyewe. Mkono wa kulia anakaa Walburga, ambaye siku hizo alikuwa bado na mume na meno yake yote.

Mwezi wa sita wa mwaka wetu wa kwanza, tuliamka tukakuta mtaa umebadilika. Kila mlango umefungiwa matawi mabichi. Madirishani vitambaa vyekundu vinaning'inia. Na barabarani, kuanzia kanisani hadi sokoni, watu wamepiga magoti wanatandaza maua: waridi, maua ya njano ya porini, majani mabichi. Wamechora kwa maua kama mtu anavyofuma zulia.

Döndü akapiga mkono kifuani. "Kuna mtu anarudi kutoka Hija."

"Hawa ni Wakristo," nikamwambia.

"Milango ya kijani, vitambaa madirishani. Ni nini basi kama si hija? Labda nao wana hija yao. Tusiwe sisi tu ambao hatukumpokea."

Kwetu haji akirudi, mlango hupakwa kijani na watu hutundika kitu chao kizuri kuliko vyote. Kitu chetu kizuri kuliko vyote kilikuwa mswala wa mama yake, wa hariri, wenye picha ya Kaaba. Akautundika dirishani, akaulainisha kwa kiganja, akasimama kando yake anatabasamu.

Maandamano yakaja. Bendi mbele, watoto wamevaa nguo nyeupe, kisha watu wanne wamebeba kitambaa juu ya nguzo nne, na chini yake padri ameshika chombo cha dhahabu chenye miale kama jua. Hakukuwa na haji. Watu walikuwa wakiinua macho kwenye dirisha letu, mmoja baada ya mwingine. Wengine walicheka. Mzee mmoja akatema mate pembeni. Uimbaji ukapungua pale mbele ya mlango wetu, ukapanda tena mbele ya mlango wa Walburga.

Kesho yake Walburga alikuja kutueleza kwa mikono, maana maneno yetu yalikuwa machache. Ilikuwa Sikukuu ya Mwili wa Bwana, na mkate wanaouita mwili huo ndio uliobebwa ndani ya kile chombo cha dhahabu. Watu walidhani tumeleta Maka yetu kuwafanyia dhihaka. Döndü aliukunja mswala, akauweka chini kabisa ya sanduku. Hakuutaja tena.

Mwaka uliofuata, zulia la maua lilifika kwenye bomba la mvua linalotenganisha nyumba yetu na duka la mikate, likakoma. Likaanza tena ukutani kwa Walburga. Mbele ya mlango wetu palibaki mawe matupu. Kila nyumba hutandika mbele ya mlango wake, ndiyo desturi, na sisi hatukuombwa wala hatukukatazwa. Padri alipofika hapo alishuka kutoka kwenye maua, akatembea juu ya mawe, akapanda tena.

Ikawa hivyo mwaka baada ya mwaka. Nazire, binti yetu, alizaliwa, akasoma, akaolewa Stuttgart. Mawe yetu yalibaki matupu. Na kila mwaka, alfajiri ya sikukuu, Döndü alitoka na ufagio akayafagia mpaka yakang'aa.

"Unafagia nini? Hapana kitu hapo," nilimwambia mara moja.

"Ndiyo maana nafagia."

Kisha siku moja, kiwanda kimeshafungwa na sisi tumeshakuwa wazee, dereva wa vifurushi alipotea. Döndü alikuwa dirishani. Akasikia dereva anauliza nyumba yetu, na mwanamke mmoja pale barabarani akamwelekeza, bila ubaya, kama mtu anavyotaja kisima au daraja:

"Nenda mbele kidogo. Ni pale kwenye Pengo la Waturuki."

Döndü akapokea kifurushi chake, akatia sahihi, akafunga mlango. Akaketi. Kifurushi hakukifungua siku ile.

"Baba Nazire," akaniambia, "sisi tuna jina kumbe. Ulijua?"

Nilijua. Watoto wa mtaa walikuwa wakiruka pale wanapocheza, wakipiga kelele jina hilo. Sikuwahi kumwambia.

"Sitaki kufa naitwa pengo," akasema.

Akavaa koti lake akaenda kwa Walburga. Nilimfuata, maana sikujua atasema nini.

"Bi Walburga, mwaka huu nataka maua."

"Bustani yako imejaa maua, jirani. Unataka kuniibia na haya yangu mawili?"

"Nataka maua ya kumwaga chini."

Walburga akamtazama. "Mbele ya mlango wako?"

"Mbele ya mlango wa nani mwingine? Mwingine sina."

"Yesu na Maria," akasema Walburga, akavuta kiti. "Siku Ottmar atakayosikia, ataunguza mikate yote."

Ottmar ndiye mkubwa wa kamati ya maua, kama baba yake kabla yake. Kamati ilikutana kwenye ukumbi wa parokia, na Walburga akamwingiza Döndü kwa mlango wa jikoni ili asije akaambiwa si mwanachama. Mimi nilisimama nyuma karibu na makoti.

Ottmar si mtu mbaya. Alikuna kichwa kwanza.

"Bi Döndü, sisi hatuna neno na nyinyi. Lakini haya si mapambo ya harusi. Ni sala. Kila nyumba inaweka alama yake: msalaba, mwanakondoo, kikombe, samaki. Wewe utaweka nini?"

"Msalaba siweki."

"Unaona sasa?"

"Ottmar, ulipokuja kwetu kufuturu, nilikuuliza kama umefunga?"

"Hapana."

"Ulikuwa umefunga?"

"Hapana."

"Na ulikula sahani ngapi?"

Watu wakacheka. Ottmar naye akacheka kidogo, masikio yakawa mekundu.

"Msalaba nikiuweka nitakuwa nadanganya kwa mikono," Döndü akasema. "Unataka uongo chini ya miguu ya padri wako? Mimi nitaweka maji."

"Maji gani?"

Akachukua chaki akachora kwenye meza yao. Ni ule mstari wa kupanda na kushuka ambao kina mama wa kwetu huufuma pembeni mwa mazulia, wanauita njia ya maji. Akawaambia kwamba kwao, kijijini, mbele ya mlango huwekwa mtungi, na apitaye hunywa, haulizwi anatoka wapi wala anakwenda kusali wapi.

Mtu mmoja akasema maji si alama ya sakramenti. Walburga akamgeukia.

"Mimi nilibatizwa kwa maji. Wewe ulibatizwa kwa nini, bia?"

Ndivyo ilivyopita. Wao waliona maji yao, yeye aliona yake. Ottmar aliandika kwenye ubao: nyumba fulani, maji. Akaongeza: kwa majaribio.

Kwetu nako hapakuwa shwari. Kwenye chumba cha chai cha msikiti, Haji Bekir, aliyekuwa msimamizi wangu kiwandani, alinisubiri nikae ndipo aseme kwa sauti.

"Nasikia mkeo anautandikia msalaba maua."

"Anatandika mbele ya nyumba yake."

"Na kinachopita ni nini?"

"Njia ni ya manispaa, Haji. Hata wewe unapita na baiskeli yako, tena bila kengele."

Walicheka wote isipokuwa yeye. Imamu wetu, kijana mpole, alinifuata nje nikivaa viatu.

"Baba, atachora sanamu?"

"Maji."

Akafikiri. "Maji hayana neno," akasema, akarudi ndani.

Nyumbani nikamwambia Döndü kwamba watu wanasema. Alikuwa anamenya biringanya, hakuinua kichwa.

"Nilipotundika mswala walisema kwa Kijerumani. Sasa wanasema kwa Kituruki. Na mimi bado nasimama."

Shida ilikuwa rangi nyeusi. Zulia la maua bila pindo jeusi halionekani, linamwagika tu machoni. Majirani hutumia machicha ya kahawa, wanayakusanya kutoka nyumba hadi nyumba. Sisi kahawa hatunywi ila wakija wageni, na Döndü hakutaka kuomba. Akatazama ndani ya buli.

"Haya je?" akasema.

Yakikauka majani ya chai huwa meusi kuliko kahawa. Tukaanza kunywa kwa bidii. Mimi nilikuwa naamka usiku kwa ajili ya kwenda haja, nikipita jikoni nilikuta magazeti yametandazwa kila mahali kama nyumba ya mchapaji.

Siku ikafika. Tulitoka jua halijachomoza. Walburga alileta ndoo za maua ya buluu ya mashambani, na mjukuu wa nani sijui akaleta nyeupe. Döndü alichora kwa chaki, akapiga magoti, akaanza kumwaga kidogo kidogo kwa vidole, kama anatia chumvi. Mimi nilikuwa nanyunyizia maji upepo usichukue. Nikamlowesha sketi yake, akanitukana.

Ottmar alipita na kamba yake ya kupimia. Akasimama pale ambapo mwanakondoo wake alikutana na maji yetu.

"Pindo lako limepinda, Bi Döndü."

"Maji hupinda."

Ottmar akaiangalia kamba, akaikunja, akaiweka mfukoni.

Saa ya maandamano tulisimama mlangoni. Döndü alikuwa amefunga kitambaa chake cheupe kipya. Bendi ikapita pembeni, watoto wakapita pembeni, wazima moto wakapita pembeni. Juu ya maua hupita padri peke yake na wale wanne wa nguzo. Padri alikuwa mgeni, Padri Jomon, mtu wa India ya kusini, mweusi kuliko wote waliokuwa mtaani, na Kijerumani chake kilikuwa kama chetu. Alimpita mwanakondoo wa Ottmar. Akafika kwenye pindo la chai, akasimama.

Walikuwa wamemwambia nyumba ile ni ya nani. Aliyatazama maji, akamtazama Döndü na kitambaa chake. Nikauona mguu wake unakwenda pembeni, kwenye mawe. Alitaka kutuheshimu, mimi nililiona hilo usoni mwake. Asikanyage kazi ya Waislamu akiwa na mzigo ule alioubeba. Nguzo nne zikaanza kugeuka kumfuata, na mtaa wote nyuma yake ukaanza kujipinda.

Döndü akashuka kizingitini.

"Pita juu, Padri," akasema, kwa Kijerumani chake kibovu ambacho kila mtu alikisikia. "Ukizunguka, pengo litarudi."

Padri akarudisha mguu. Akapita juu. Kiatu chake kiliacha alama katikati ya buluu, na kingo za pindo zikachanika kidogo. Döndü hakuinama wala hakufanya ishara yoyote. Alisimama mikono ameikutanisha mbele, kama tunavyosimama mgeni anapopita. Maandamano yalipokwisha akaingia ndani kuweka birika.

Jina halikufa siku ile. Lilichukua muda. Lakini aliendelea kila mwaka, na lile neno "kwa majaribio" Ottmar alilifuta kwa kiganja bila kumwambia mtu. Mwaka juzi nilimsikia mtu akimwelekeza dereva wa vifurushi: "Nenda mbele, pale kwenye maji." Nilimwambia Döndü. Akasema, "Vizuri," akaendelea kukunja nguo. Jioni nikamsikia anaimba.

Alipofariki, Haji Bekir alikuja wa kwanza. Akasema mfuko wa maziko utalipa ndege, mwili utafika kijijini kesho kutwa. Hivyo ndivyo wengi wetu wanavyofanya. Nazire akanitazama.

"Baba, Mama aliwahi kusema anataka kulala wapi?"

Hakuwahi kusema. Nikaliangalia gazeti dirishani. Majani yalikuwa bado na unyevu. Mtu anayeondoka hakaushi majani kwa ajili ya mwezi wa sita.

"Hapa," nikasema.

Tulimzika juu kilimani, sehemu mpya ya makaburi ya mji. Kwa ajili ya kibla, kaburi lake limekaa mshazari, haliendi sambamba na mistari ya wengine. Ottmar alikuja na unga bado mikononi. Akalitazama muda mrefu.

"Limepinda," akasema.

"Maji hupinda," nikamjibu.

Akavua kofia yake, akaibana kifuani, akashuka kilima bila kuaga.

Sikukuu ilipokaribia mwaka huu sikujiandaa. Mikono yangu si ya kazi ile. Nilisema nitafagia tu, kama alivyokuwa akifagia yeye zamani, kisha nifunge mapazia. Sikutaka kumwona Padri akishuka kwenye mawe. Nilifagia kungali giza, nikaingia ndani, nikakaa.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Ottmar, na nyuma yake Walburga ameletewa kiti, ameshikilia fimbo yake kama askari.

"Chai iko wapi?" akauliza Ottmar.

"Bado sijaweka birika."

"Ya kumwaga, mzee. Si ya kunywa."

"Ya kunywa nayo alete," akasema Walburga. "Nimekaa kwenye baridi hapa."

Nazire alishuka ngazi akiwa na nguo za kulalia, akatuona, akarudi juu kuvaa. Mimi nikaenda stoo kuchukua mfuko wa majani makavu. Döndü alikuwa akiuhifadhi nyuma ya viazi. Nilipouvuta haukuja. Nikamwita Ottmar tukaubeba wawili.

"Hii ni ya mtaa mzima," akasema. "Miaka mingine haukuwa nusu yake. Alikuwa anataka kufanya nini?"

Nilikuwa sijakumbuka bado.

Nazire alichora maji kwa chaki. Alikosea, Walburga akamfokea, akafuta, akachora tena. Ottmar alipiga magoti kwa shida akamwaga buluu. Kulipopambazuka nikamwona Haji Bekir ng'ambo ya mtaa, ameshika baiskeli yake. Alikaa pale kitambo. Kisha akaiegemeza ukutani, akavuka.

"Buluu inatosha?" akaniuliza.

"Inatosha, Haji. Nyeupe ndiyo kidogo."

"Kuna nyeupe kwenye bustani yangu," akasema, akaichukua baiskeli yake akaenda. Alirudi na ndoo imening'inia kwenye usukani. Safari hii alipiga kengele.

Pindo nilimwaga mwenyewe. Walinipa mto wa kupigia magoti. Nilimwaga na kumwaga, na chai haikwisha, na pindo likazidi kupanuka, mpaka likawa kama viganja vyangu viwili. Ottmar hakutoa kamba.

Padri Jomon sasa nywele zake ni nyeupe. Alikuja na jua lake la dhahabu chini ya nguzo nne, akampita mwanakondoo, akafika kwenye pindo letu. Hakusimama. Alipita juu, taratibu, na alipofika kwa Walburga kulikuwa na jani la chai limenasa kwenye ncha ya kiatu chake.

Niliingia ndani kuweka birika. Nilipokunywa nikatosheka, nikalaza kijiko juu ya bilauri, ndipo nikakumbuka neno alilosema asubuhi ile alipokiondoa akanimiminia tena:

"Kunywa nyingine, Baba Nazire. Mwaka huu nataka pindo pana."